Kupiga kafi kwenye mito ya milimani: maswali ambayo watu wa Dar hutuuliza mara kwa mara

Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, kikundi chetu cha kupiga kafi kinakutana ufukweni Kigamboni na makafi, jaketi okozi na kamba za kurusha. Wapita njia husimama kuuliza, na wanaojiunga huuliza yaleyale. Tumeyaandika hapa pamoja na majibu. Anayejiandaa kwa safari ya kwanza ayasome yote kabla ya kulipa nauli, hata yale anayodhani hayamhusu.

Huu mchezo ni upi hasa?

Ni kushuka mto wenye kasi na mawe kwa boti ya mpira iliyojazwa upepo. Watu 6 hadi 8 wanapiga kafi, kiongozi anakaa nyuma. Boti ina urefu wa mita 4 hivi na imegawanywa vyumba kadhaa vya upepo, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Sakafu yake ina matundu pembeni, hivyo maji yanayoingia yanatoka yenyewe bila mtu kuyakumba. Wapo wanaoshuka kwa kayaki, kila mtu na chombo chake. Hiyo huchukua muda mrefu kujifunza, na majibu mengi hapa yanahusu boti.

Hakuna injini. Kinachokupeleka ni mto wenyewe. Kazi ya kafi ni kuchagua njia.

Nimekulia pwani, naogelea tangu utotoni. Haitoshi?

Hakuna swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko hili, na tutalijibu kwa kirefu.

Kujua kuogelea kutakusaidia usitaharuki. Lakini bahari imekufundisha mambo ambayo mtoni inabidi uyasahau, na kuyasahau ni kazi kuliko kujifunza mapya.

La kwanza ni wimbi. Nenda Coco Beach siku ya upepo, utazame kifuu cha nazi kinachoelea mbali kidogo na ufukwe. Wimbi linapita chini yake, kifuu kinapanda, kinashuka, kinabaki karibu palepale. Baharini wimbi ndilo linalosafiri, maji yanabaki. Mtoni ni kinyume chake: wimbi limesimama nyuma ya jiwe lilelile usiku na mchana, na maji ndiyo yanayopita. Kwa hiyo mtu wa pwani akipigwa na wimbi anafumba mdomo, anasubiri lipite, anavuta pumzi, anajiandaa kwa jingine. Wimbi la mto halipiti. Ukinaswa mahali linapojikunja, kusubiri hakukusaidii kitu. Ni wewe wa kutoka.

La pili ni kusimama. Mtoto wa Msasani akigusa mchanga kwa kidole cha mguu anajua amefika, anasimama, hatari imekwisha. Mtoni hapo ndipo hatari inapoanza. Chini si mchanga, ni mawe yaliyorundikana yenye nafasi katikati. Ukisimama kwenye mkondo unaovuka magoti, mguu unaweza kuzama kati ya mawe mawili. Maji yanakusukuma mgongoni, unaangukia uso, na mguu hautoki kwa sababu msukumo haupungui. Watu wamekufa hivyo kwenye maji ya kiunoni, wakiwa wamevaa jaketi okozi iliyofungwa sawasawa.

La tatu ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Mkondo ukiongezeka kasi mara 2, msukumo wake kwenye kitu kilichosimama huongezeka mara 4. Mto uliouvuka kwa miguu wiki iliyopita, ukiongezeka kidogo tu machoni, kumbe umekuwa mto mwingine kabisa.

Mwenzetu mmoja ni mvuvi wa siku nyingi, mtu wa kuzamia pweza kwenye miamba tangu akiwa mdogo. Safari yake ya kwanza huko Sagana, Kenya, alidondoka kwenye boti, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta chini kwa miguu. Tulipiga kelele wote, "Inua miguu! Inua miguu!" Akainua, akavutwa ndani ya boti. Jioni alituambia kwamba kichwa kilikuwa kinajua, ila miguu ndiyo ilikuwa haijaambiwa. Tangu siku hiyo mazoezi yetu ya Kigamboni yanaanza kwa kuelea chali, miguu juu. Kafi linasubiri.

Na asiyejua kuogelea kabisa?

Kuna waendeshaji wanaomchukua kwenye mito ya upole, kwa sababu jaketi inamwelesha. Msimamo wetu ni mkali zaidi: ajifunze kwanza. Sharti letu ni kuogelea mita 100 bila kusimama, kuelea dakika 5 bila kushika kitu, na kuzamisha uso majini bila kupaniki. Kama maji yakigusa pua unapoteza akili, usilipie safari. Njoo bwawani.

Nikianguka kutoka kwenye boti nifanye nini?

Kwanza shika kamba inayozunguka boti kama bado ipo karibu. Mara nyingi utavutwa ndani kabla hujamaliza kuogopa. Anayekuvuta atakukamata kwa mabega ya jaketi, si kwa mikono.

Kama boti imekuacha, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, makalio juu kadiri unavyoweza. Magoti yakunje kidogo. Jiwe likija, liguse kwa nyayo na ujisukume pembeni. Vuta pumzi unapoingia kwenye bonde la wimbi. Kileleni povu litakuingia mdomoni. Povu lina hewa nyingi ndani yake, ni jepesi kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo jaketi haikuinui vilevile humo. Utahisi umezama zaidi ya ulivyotarajia. Usihangaike, utaibuka.

Ukiona maji yaliyotulia pembeni, au kiongozi akikuonyesha upande wa kwenda, geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu zako zote kuelekea huko. Kulala chali ni kwa kujikinga, haikufikishi ukingoni.

Upo mkosi mmoja unaobadilisha kanuni hii. Mti ulioanguka mtoni, matawi yake yakiwa majini, ni chujio: maji yanapita, mtu anabaki. Ukiwa unaelekea huko na huwezi kuukwepa, usiende miguu mbele. Geuka, ogelea kichwa mbele, ufike kwa kasi na ujirushe juu ya gogo kabla mkondo haujakuvuta chini yake. Tunaufanyia mazoezi kwa kutumia bomba la plastiki lililofungwa mlalo majini, na hakuna anayepanda boti kabla ya kulipanda bomba hilo mara tatu.

Boti ikigonga jiwe na kuegemea?

Hamieni upande wa jiwe. Wote, papo hapo. Moyo unataka ulikimbie jiwe, ukilikimbia uzito unahamia upande maji yanakotoka, mkondo unapanda juu ya boti na kuibandika kwenye mwamba. Boti iliyobandikwa hivyo hata wanaume kumi wanaweza kushindwa kuibandua kwa mikono.

Mnasema "kusoma mto". Unasomwaje?

Unasomwa juu juu, kwa sababu maji ya juu yanaeleza kilicho chini. Ukisimama ukingoni na kuangalia maji yanakokwenda, utaona sehemu laini yenye umbo la V, ncha yake ikielekea chini. Hiyo ni njia: maji mengi yamebanwa kati ya mawe mawili na kuna kina. V ikigeuka, ncha yake ikikutazama wewe unayeshuka, kwenye ncha hiyo kuna jiwe.

Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yanayorudi kinyume na mto. Sisi tunayaita baraza, kwa kuwa ndipo unapopumzika. Mpiga kafi mzuri hashuki mto kwa pumzi moja. Anatoka baraza hadi baraza, anasimama, anatazama mbele, anachagua.

Maji yakimwagika juu ya jiwe na kujikunja kurudi nyuma, hapo pana shimo la maji. Mashimo si sawa. Ambalo pembe zake zimeelekea chini linakutema pembeni. Ambalo pembe zake zimekunjwa kuelekea juu linakurudisha katikati kila unapojaribu kutoka. Baya kuliko yote ni lile lililonyooka kama mstari wa rula kutoka ukingo hadi ukingo, na hilo mara nyingi limejengwa na binadamu: kizuizi kifupi cha zege cha kuchukulia maji ya umwagiliaji. Halina pembe za kutokea. Linaonekana la upole, na limeua hata waokoaji. Ukiona kizuizi hicho, shuka ubebe boti upite kwa miguu.

Na kama mbele mto unakatika kama upeo wa bahari, na miti ya chini huoni ila vilele vyake, simamisha boti. Nenda ukatazame kwa macho.

Jambo dogo ila muhimu: "kulia" na "kushoto" kwa mto ni kwa mtu anayetazama maji yanakokwenda, hata kama wewe umegeuka. Bila hivyo amri zinagongana.

Madaraja ya 1 hadi 6 maana yake nini?

Ni kipimo cha kimataifa cha ugumu. Daraja la 1 ni maji yanayotembea tu. La 2 lina mawimbi madogo na njia wazi. La 3 linahitaji kupiga kafi kwa kupangilia. La 4 lina nguvu, njia nyembamba, na kujiokoa peke yako kunakuwa kugumu. La 5 ni la wataalamu, kosa linaweza kuua. La 6 tuseme halipitiki. Mto uleule hubadilika daraja kwa mvua, na maji yakiwa baridi au hospitali ikiwa mbali, lihesabu moja zaidi.

Kutoka Dar tunakwenda wapi?

Tunaanzia Sagana, kwenye Mto Tana, kama kilomita 100 kaskazini mwa Nairobi. Maji yanatoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, kuna kipande cha upole cha kuanzia na kipande cha daraja la 4 na zaidi kwa waliokomaa. Faida nyingine kwetu ni lugha: viongozi wa hapo wanakuelekeza kwa Kiswahili, na amri unayoielewa bila kutafsiri kichwani inakufikia mapema.

Jinja, Uganda, ni Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Hapo maji ni mengi sana, ya uvuguvugu, yenye kina kati ya maporomoko, na hayakauki kwa kuwa ziwa ndilo tangi lake. Boti zinapinduka mara nyingi lakini mawe yako chini sana, kwa hiyo wengi wanatoka na kicheko. Waliokwenda miaka ya nyuma watakusimulia maporomoko ambayo leo hutayaona. Bwawa la Bujagali lilipojazwa mwaka 2011 yalizama, na bwawa la Isimba, lililoanza kazi 2019, likazamisha mengine chini yake. Umeme unahitajika, hilo hatubishi. Lakini tunasikitika kweli, na tunamwambia kila anayeahirisha: mto nao hauna uhakika wa kukungoja.

Batoka, chini ya Mosi-oa-Tunya (maporomoko ya Victoria) mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ni kwa aliyekwisha kushuka mito mingine. Zambezi hapo umo ndani ya korongo refu la mawe meusi, maporomoko yamepewa namba, na namba 9 wateja hulipita kwa miguu. Msimu mzuri ni Agosti hadi Desemba maji yakiwa yamepungua. Na ujue kwamba baada ya kushuka mto kuna kupanda korongo, kwenye jua la huko. Wengi wanaokwama wanakwamia kwenye huo mlima.

Kwa Uganda beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uchanje angalau siku 10 kabla. Usisubiri wiki ya safari.

Kwa nini nisishuke mito yetu wenyewe?

Swali zuri, na linatuuma kidogo kila tunapolijibu, kwa maana nchi hii ina milima na mito ya kutosha. Ila kila mto una hali yake.

Rufiji ya chini ni pana, ina mamba na viboko wengi, na lile korongo la Stiegler sasa lina Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kihansi ilikuwa na maporomoko makubwa ukingoni mwa Udzungwa, kisha maji yake yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Manyunyu yalipokatika, yule chura mdogo wa Kihansi aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu hayo tu alitoweka porini, ikabidi wale waliokuwa wamehifadhiwa Marekani ndio warudishwe nyumbani. Kiwira kule Rungwe ni mto wa mawe kwelikweli, lakini una Daraja la Mungu, ambapo maji yanapita chini ya mwamba, na Kijungu, ambapo mwamba umechimbwa kama chungu na maji yanazunguka ndani. Mahali ambapo mto unaingia chini ya jiwe hapapitishwi boti. Hapo panatazamwa, panapigwa picha, basi.

Uluguru ndiyo karibu nasi. Maji ya Ruvu yanayotoka bombani Kimara na Ubungo yalianzia kwenye milima hiyo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, tunaondoka asubuhi na kurudi jioni. Hatubebi boti. Tunatembea kando ya Mto Morogoro na vijito vyake, tunakaa juu ya mawe, tunatupa majani makavu majini na kubishana yatapita wapi. Jani moja linaingia baraza na kuzunguka humo dakika nzima, jingine linanyooka na ile V laini ya maji. Nani alisema kusoma mto lazima uwe umelowa?

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya kutazama, fuata utaratibu: ofisi ya kijiji, Bodi ya Maji ya bonde husika, na kama ni ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Halafu tembea mto mzima ukingoni kabla ya boti kugusa maji.

Mto Msimbazi ukijaa tunaweza kufanya mazoezi Jangwani?

Hapana. Kamwe. Hayo ni maji ya mafuriko yenye nyaya, mabati, vioo na maji ya vyoo, na yamechukua nyumba na ndugu za watu. Huo si uwanja wa mchezo.

Twende msimu gani?

Kwa mito ya Kenya, epuka siku za katikati ya masika kama wewe ni mgeni. Lakini kalenda haitoshi. Mvua inayokudhuru ni ya mlimani, na wewe uliye bondeni unaweza kuwa kwenye jua kali. Watu wa Dar wanaijua hali hii: Jangwani kunaweza kuwa kukavu huku maji yameshaanza safari kutoka Pugu na Kisarawe. Mtoni dalili ni tatu: maji safi yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kuelea, na sauti ya mto inakuwa nzito. Ukiona mojawapo, toka majini uende juu, usisubiri ya pili.

Nivae nini?

Raba zenye kamba au viatu vya plastiki vinavyofungwa nyuma ya kisigino. Ndala zitakwenda na maji na zitakuacha unatembea juu ya mawe makali. Kaptula na fulana ya kukauka haraka. Jinzi hapana, ikilowa inakuwa mzigo. Miwani ifungwe kamba. Pete na mikufu iache nyumbani.

Sisi tumezoea joto. Maji ya mlimani ni baridi, na baridi inaiba nguvu ya vidole kabla hujaigundua. Ukiona mwenzako anatetemeka na kuongea kama amelewa, mtoe, mvue nguo mbichi, mfunike, mpe kitu cha moto.

Mimi ni dada ninayejistiri. Naweza kushiriki?

Unaweza, na wapo kati yetu. Shida iko kwenye kitambaa kinachopepea, kujistiri kwenyewe hakuna tatizo. Dera, kanga na mtandio mrefu vinanasa kwenye matawi na kuvuta maji. Vaa vazi la kuogelea la kufunika mwili, na hijabu ya michezo isiyo na pini inayokaa chini ya helmeti. Mwambie kiongozi mapema kama ungependa dada mwenzako ndiye awe wa kwanza kukuvuta ndani ya boti. Likipangwa mapema linawezekana, ila kwenye hatari anayekufikia kwanza ndiye atakayekushika.

Jaketi ya abiria wa kivuko inafaa?

Hapana. Ile imetengenezwa kumwelesha mtu anayesubiri kuokolewa kwenye maji yaliyotulia. Ya mtoni inakumbatia kifua, inaacha mikono huru, ina mikanda ya pembeni. Ifunge, kisha mwambie mwenzako ainyanyue kwa mabega kwa nguvu. Ikipanda hadi puani, ni kubwa au hujaikaza. Helmeti nayo isichezecheze ukitikisa kichwa.

Mamba?

Kwenye vipande vyenye mteremko mkali na maji baridi hawapendi kukaa. Wanapenda maji yaliyotulia na kingo za kuotea jua. Lakini mto uleule una sehemu hizo pia. Waulize wanaochota maji na kuvua hapo, na wakisema yupo, yupo.

Kichocho?

Konokono wanaokibeba wanaishi kwenye maji ya taratibu yenye majani, hasa kingoni mwa ziwa, na Nile ya Jinja imo kwenye orodha. Povu la maporomoko si shida kubwa. Shida ni pale mnaposimama kula chakula na kuogelea pembeni. Jifute na taulo ukitoka. Kisha kapime wiki 6 hadi 8 baada ya safari hata kama hujisikii chochote, maana ukipima mapema mno hakionekani. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu.

Bibi yangu anasema maporomoko yana wenyewe. Mnasemaje?

Tunasema bibi asikilizwe. Waluguru wana maeneo yao ya matambiko, na huko Jinja Wabasoga waliamini roho ya Budhagali inakaa kwenye maporomoko yale, hadi ikawa sehemu ya mjadala mzito kabla bwawa halijajengwa. Tukifika mahali tunaulizia wazee, tukikatazwa hatuingii. Na tumejifunza jambo la ziada: mara nyingi mahali palipokatazwa ndipo mto unapoingia chini ya mwamba.

Nani asiende?

Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye tatizo la moyo, aliyewahi kuteguka bega karibuni. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, kwenye mfuko usiopitisha maji, na amwambie kiongozi. Aliyekunywa pombe, hata jana usiku sana, abaki. Umri mkubwa si kizuizi. Mtoto anapimwa kwa jaketi: kama hakuna inayomkaa sawasawa, hakuna safari.

Kamba ya kurusha inatumikaje?

Ni kamba ya mita 15 hadi 20 ndani ya mfuko. Mwite kwanza anayeelea akutazame, kisha rusha mfuko umpite kichwani ili kamba yenyewe imwangukie. Jiandae kwa mvuto: kaa chini au piga goti, miguu imara. Usiizungushe kamba mkononi wala kiunoni, kamwe.

Ukiwa wewe ndiye unayeokolewa, shika kamba, usishike mfuko, kwa sababu bado inaendelea kutoka. Geuka chali, kamba ipite begani upande ulio mbali na anayekuvuta, na uikumbatie kifuani. Hapo mkondo wenyewe unakupeleka ukingoni kama mlango unaojifunga.

Mtu akitolewa majini hapumui, tumkamue tumbo?

Hapana, na tunaomba mlisambaze jibu hili hata kwa wasiopenda mito. Kumning'iniza au kumkandamiza tumbo kunatoa matapishi yanayoingia kwenye mapafu, na kunapoteza dakika. Aliyezama amekosa hewa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha. Mwingine apige simu. Hapa nchini 114 ni Zimamoto na Uokoaji, na 112 ni ya dharura. Hata akizinduka apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nimuulize nini mwenye boti kabla ya kulipa?

Muulize nani anatangulia kwa kayaki kuokoa wanaoanguka. Muulize mto leo una maji kiasi gani na kikomo chake cha kughairi ni kipi. Muulize mgonjwa anatolewaje korongoni. Mara moja tulikutana na kiongozi aliyejibu hayo yote kwa "msijali." Tulirudi hotelini bila kushuka, na pesa yetu haikurudi. Tungefanya vilevile kesho.

Huu si mchezo wa wazungu?

Boti za mpira zimetoka nje, kweli. Lakini watu wa pwani hii walishuka maporomoko kabla mchezo haujapewa jina. Novemba 1874 msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo, wengi wao wakiwa Wangwana wa Unguja na Mrima, wakiwa wamebeba mashua ya *Lady Alice* vipande vipande mabegani. Mwaka 1877 walikuwa kwenye maporomoko ya Mto Kongo, wakishusha mitumbwi kwa kamba za miti na kuiburuza juu ya mawe pale maji yaliposhindikana. Kalulu, kijana msaidizi wa Stanley, alikufia huko pamoja na wenzake, mtumbwi wao ulipovutwa na maporomoko. Frank Pocock, Mwingereza aliyekuwa msaidizi wa Stanley, alizama Juni mwaka huohuo. Aliyeshika usukani wa *Lady Alice* ni Uledi, na Stanley mwenyewe aliandika jinsi alivyojitosa tena na tena kuokoa waliokuwa wanazama. Walifika Boma mwezi Agosti.

Hawakuwa na jaketi wala helmeti, na hawakwenda kucheza. Lakini tukimfundisha mgeni kurusha kamba, jina tunalomtajia ni la Uledi.

Mama hataki niende. Nimwambieje?

Usimwambie kitu. Mlete Jumamosi. Mama mmoja wa Temeke alikuja kumrudisha binti yake nyumbani, akakaa kwenye mchanga akitazama tunavyoelea chali, tunavyorushiana kamba, tunavyohesabiana kila baada ya dakika chache. Alituuliza maswali makali kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Binti alikwenda Sagana mwezi uliofuata, na mama akapewa namba ya kila mtu aliyekuwa kwenye boti.

Mazoezi ni saa ngapi?

Hutegemea maji. Tunataka yawe yamejaa na hakuna upepo mkali wa kusi, kwa hiyo muda hubadilika kila wiki. Vuka na pantoni ya Magogoni, njoo na raba, fulana na chupa ya maji ya kunywa. Jaketi zipo.